Harry Thuku: Alitaka vipande vitupwe, akatupwa yeye

Kabla basi la Moyale halijaingia Isiolo, linasimamishwa mara nyingi hadi unapoteza hesabu. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Marsabit, nimelala mdomo wazi, nikaamshwa na kelele za makanga akitaka kila mtu ashike kipande chake mkononi. Taa zikawashwa. Afisa akapita na tochi akimulika kadi, kisha uso, kisha kadi tena. Jamaa wa kando yangu, kijana wa kama miaka kumi na tisa hivi, alikuwa na karatasi tu ya kuonyesha kwamba ameomba kitambulisho na bado anangoja. Akashushwa na begi lake. Dereva akangoja kidogo, akapiga honi mara mbili, tukaenda. Mpaka leo sijui jamaa alifika saa ngapi.

Kilichonikaa kichwani ni lile neno. Kipande. Sisi hulitumia hivi hivi, kama vile mtu anavyosema simu ama funguo. Nimepoteza kipande, nipe namba ya kipande. Lakini neno hilo lina zaidi ya miaka mia moja, na kuna mtu aliyepoteza karibu miaka tisa ya ujana wake kwa sababu ya kusema kitu hicho kitupwe. Sehemu ya miaka hiyo aliimalizia hapo hapo Marsabit nilikokuwa natoka.

Anaitwa Harry Thuku. Wengi wetu tunamjua kama barabara ya Nairobi, ile inayopita Norfolk na KBC. Shuleni alikuwa swali la alama mbili: taja chama alichoanzisha. Unaandika, unasahau, maisha yanaendelea.

Thuku alizaliwa mwaka 1895 pande za Kambui, Kiambu. Mwaka huo huo ndio Uingereza ilitangaza kwamba eneo hili lote liko chini yake. Yaani yeye na serikali ya mkoloni walikuwa marika. Walikua pamoja, wakajuana vizuri, na hawakupendana. Alisoma miaka michache kwa wamisionari wa Gospel Missionary Society pale Kambui, akajua kusoma na kuandika, halafu akafanya kile ambacho vijana wamefanya tangu Nairobi iwe Nairobi: akaenda kutafuta kazi mjini.

Mambo hayakuanza vizuri. Mwaka 1911 alifungwa miaka miwili kwa kosa la kughushi hundi. Vitabu vya shule huruka hapo, nadhani kwa sababu shujaa hafai kuwa na rekodi. Mimi nimeacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina haraka ya kumcheka mtu aliyeteleza akiwa na miaka kumi na sita. Alipotoka alipata kazi ya kupanga herufi kwenye gazeti la walowezi lililoitwa Leader of British East Africa. Wazia hiyo kazi. Unapanga kwa mkono, herufi moja moja, makala ya watu wanaojadili namna ya kukufanya ufanye kazi zaidi kwa pesa kidogo zaidi. Wao wanadhani wewe ni mikono tu. Na wewe unasoma kila kitu kabla hata wasomaji wao hawajakiona.

Baadaye akawa mtu wa kupokea na kuunganisha simu katika Hazina ya serikali, Nairobi. Kwa Mwafrika wa wakati huo hiyo ilikuwa kazi ya maana, kazi ya shati safi. Angekaa kimya angezeeka nayo.

Sasa sikiza kile serikali ilikuwa inafanya, maana bila hiki huwezi kumwelewa Thuku.

Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimeisha. Maelfu ya Waafrika walikuwa wamekufa wakibeba mizigo ya jeshi. Walowezi walitaka vibarua kwa mashamba yao, na watu hawakutaka kwenda kwa sababu rahisi kabisa: mshahara ulikuwa mbaya na walikuwa na mashamba yao wenyewe ya kulima. Ukitaka kumpata mtu kama huyo, njia ya haki ni moja, umlipe vizuri hadi akubali. Serikali ikachagua njia nyingine. Oktoba 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka wa kuwataka maafisa na machifu wahimize watu waende kufanya kazi kwa walowezi. Ukisikia serikali inasema ihimize, na chifu anajua atapoteza cheo asipoleta idadi, unajua kile kinafuata. Wasichana na akina mama wakapelekwa mashambani kuchuna kahawa, wengine wakilala huko mbali na kwao, na yaliyowapata huko ndiyo yaliyowakasirisha wazazi kuliko kitu kingine chochote.

Kisha kodi. Mwaka 1920 kodi ya nyumba na ya kichwa ilipandishwa kutoka rupia 5 hadi 8. Wakati ule ule serikali ikabadilisha pesa, rupia zikaondolewa zikaja shilingi, na rupia moja ikahesabiwa kuwa shilingi 2. Kwa hivyo 8 zikageuka 16. Halafu mwaka 1921 bei za mazao zikaanguka duniani, na walowezi wakaamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Hebu jiweke hapo. Kodi juu, mshahara chini, na katika Baraza la Kutunga Sheria hakuna Mwafrika hata mmoja wa kuinua mkono. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944.

Kisha ndio kipande chenyewe. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 lakini ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka kumi na sita alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi yenye jina lake, kabila lake, na historia ya kazi zake zote. Karatasi iliwekwa ndani ya kikopo cha chuma chenye kamba, nacho watu wengi walikivaa shingoni. Wazee walikifananisha na kengele ya mbuzi, na ukiona picha za zamani utaelewa.

Ujanja wake ulikuwa mahali pa sahihi ya mwajiri. Mwajiri alitia sahihi ukianza kazi, akatia tena ukiacha. Asipotia hiyo ya pili, wewe bado ni wake. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kukuandika. Ukiondoka kwa sababu anakupiga ama hakulipi, umetoroka, na kutoroka kazi kulikuwa kosa la jinai: polisi wanakutafuta kwa namba yako na vidole vyako. Mzungu hakuwa na kipande. Mhindi hakuwa nacho. Kwa hivyo watu wakisema kilikuwa kitambulisho tu cha zamani, sikubaliani nao. Kitambulisho kinasema wewe ni nani. Kipande kilisema wewe ni wa nani.

Thuku alikuwa na kimoja, kama kila mtu.

Juni 1921 yeye na vijana wenzake wa Nairobi walianzisha Young Kikuyu Association. Wiki chache baadaye wakapanua jina likawa East African Association, kwa sababu ndani yake kulikuwa na vijana wa makabila mengine, na pia Waganda, na kwa sababu Thuku aliona kwamba kipande hakimuulizi mtu kabila kabla ya kumnyonga. Hawakuwa wanadai uhuru wa nchi. Hili ndilo linalonivutia kwake. Soma madai yao yote utaona ni ya mtu mmoja mmoja: mwili wangu usilazimishwe kufanya kazi, pesa yangu isichukuliwe bila kuulizwa, nitembee bila kikopo shingoni, binti yangu aachwe nyumbani. Bendera na wimbo wa taifa yalikuja baadaye kwa watu wengine. Yeye alianzia kwa mtu na ngozi yake.

Walituma simu ya maandishi moja kwa moja London, wakaruka machifu, wakamruka Gavana. Machifu walikasirika kuliko hata Wazungu, maana wao ndio walikuwa wakikusanya vibarua na kodi, na kijana wa miaka ishirini na sita wa kupokea simu alikuwa anawaambia watu kwamba chifu si msemaji wao. Serikali nayo haikutaka mfanyakazi wa Hazina anayeisema vibaya. Thuku akapoteza kazi.

Hapa kuna kitu ambacho sisi wa kuandika mitandaoni tunafaa kukijua. Thuku alikuwa na chapisho lake, kwa Kiswahili, lililoitwa Tangazo. Alisaidiwa na Mhindi mmoja, Manilal Ambalal Desai, mhariri wa gazeti la East African Chronicle, ambaye alikuwa na mashine ya kupigia chapa na ugomvi wake mwenyewe na walowezi. Karatasi zilitoka Nairobi zikasambaa hadi vijijini, aliyejua kusoma akawasomea kumi wasiojua. Yule mpanga herufi wa gazeti la walowezi sasa alikuwa anapanga herufi zake.

Mapema mwaka 1922 alizunguka hadi Fort Hall, Murang'a ya leo, na umati ulikuwa mkubwa. Aliwaambia watu wasiwafanyie walowezi kazi ya kulazimishwa. Akafika pale pa kusema vipande vikusanywe, vipelekwe vikatupwe kwa Gavana. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo serikali ilipoamua. Malalamiko ya kodi wangeweza kuyavumilia. Lakini watu wakitupa kipande, karani hawezi kuwapata, mwajiri hawezi kuwashtaki, hesabu yote inavurugika.

Machi 14, 1922 Thuku akakamatwa na kupelekwa kituo cha polisi cha Nairobi, pande zile zile za Central ya leo, karibu na Chuo Kikuu. Watu wakagoma kazi. Wakaanza kukusanyika nje ya kituo, na kufikia Machi 16 walikuwa maelfu. Wajumbe wao wakaenda kuzungumza na serikali, wakarudi na habari kwamba waende nyumbani, mambo yatashughulikiwa. Wanaume wengine wakaanza kuondoka. Hapo Mary Muthoni Nyanjiru akasimama mbele, akawashutumu wanaume kwa uoga, na akapandisha nguo yake mbele yao. Kwa desturi za Wakikuyu hakuna laana kubwa kuliko hiyo kutoka kwa mama. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele kuelekea bunduki.

Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa kati ya wa kwanza kufa. Walowezi waliokuwa wakinywa kwenye baraza ya Norfolk, ng'ambo tu, wanasemwa walijiunga kufyatua pia. Serikali ilihesabu maiti 21. Waliokuwa pale walihesabu zaidi, wengine zaidi mara dufu. Miaka mia na kitu imepita na bado tunafanya biashara ile ile ya hesabu mbili, ya serikali na ya watu. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mitandaoni, alikufa akiwa mikononi mwa polisi katika Central hiyo hiyo, na maelezo ya kwanza ya polisi hayakufanana na yale madaktari waliyoyaona kwenye mwili wake. Sisemi ni hadithi moja. Nasema ni mtaa mmoja.

Thuku mwenyewe alikuwa ndani akisikia. Kisha akatolewa Nairobi kimya kimya.

Hakufikishwa mahakamani. Hakuna shtaka, hakuna shahidi, hakuna hakimu. Serikali ilikuwa na sheria ya mwaka 1909 iliyompa Gavana uwezo wa kumhamisha Mwafrika yeyote kutoka sehemu moja hadi nyingine akiona ni hatari kwa amani. Akiona yeye. Basi. Mtu mwenye kesi hujua hukumu yake, anahesabu siku. Thuku hakuwa na la kuhesabu. Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Walimpeleka Kismayu, wakati huo ikiwa bado sehemu ya Kenya. Mwaka 1925 Uingereza iliipa Italia eneo la Jubaland, Kismayu ikiwemo, na kwa hivyo mfungwa akahamishwa pamoja na mpaka: Lamu, Witu, na mwishowe Marsabit.

Nataka tukae hapa Marsabit kidogo, kwa sababu ndipo hadithi inapotufikia sisi wa huku.

Jiulize kwa nini serikali iliona Marsabit ni adhabu. Ni mlima mzuri, una msitu na ukungu, asubuhi unahitaji sweta. Adhabu haikuwa mlima. Adhabu ilikuwa ni kwamba Marsabit ilikuwa ndani ya Northern Frontier District, NFD, na NFD ilikuwa imefungwa. Sheria ya mwaka 1902 ilimruhusu Gavana kufunga wilaya za mbali: mtu wa nje haingii bila kibali. Wafugaji wa ndani nao walipangiwa wachungie wapi na wavuke mstari upi. Mwaka 1934 ikaja nyingine, Special Districts, iliyowapa maafisa uwezo wa kukamata watu wa ukoo mzima na mifugo yao kwa kosa la mmoja. Isiolo ndiyo ilikuwa lango. Babu yangu, hadi anakufa, akipanda gari la kwenda Nanyuki alikuwa anasema anaenda Kenya. Tulikuwa tunamcheka. Siku hizi sicheki.

Kwa hivyo angalia vizuri. Kwa Thuku, kupelekwa Marsabit ilikuwa ni kutupwa gerezani. Kwa Mgabra, Mrendille ama Mborana aliyezaliwa pale, hilo gereza ndilo nyumbani. Serikali haikujenga jela mpya kwa ajili ya mpinzani wake mkubwa. Ilichukua tu sehemu ya nchi ambayo tayari ilikuwa inaitawala kama jela, ikamweka humo. Sijawahi kusoma kitabu cha shule kilichosema hivyo. Vyote vinaandika alipelekwa Marsabit, nukta, kana kwamba huko hakukuwa na watu.

Rafiki yangu wa Bula Pesa, ambaye hupenda kunibishia, ananiambia mimi naongea hivi kwa sababu sijaibiwa mbuzi. Familia yao iliibiwa. Anasema bila vizuizi na bila polisi wengi zaidi, Isiolo itamalizwa na wezi wa mifugo wenye bunduki, na kwamba uhuru wa kutembea ni wa mtu aliye hai. Sina jibu la haraka kwake, na sitajifanya ninalo. Ninachomwambia ni kwamba wezi wa mbuzi wao hawakupita kwa kizuizi wakionyesha vipande. Aliyeshushwa kwenye basi ni yule mwenye karatasi ya kungoja.

Na kungoja huko kunajulikana hapa. Kwa miaka mingi kijana wa Kaskazini akitaka kitambulisho alipitishwa kwanza mbele ya kamati ya wazee na maafisa, aulizwe babu yake alizikwa wapi na chifu wake ni nani. Mwenzake wa Nyeri hakuulizwa hayo. Mimi mwenyewe nilirudishwa nyumbani mara tatu katika ofisi moja nikaambiwa nilete mzee mwingine, yule niliyeleta hatoshi. Mzee wa tatu alikuwa na miaka themanini na alitaka nauli na soda. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba ukaguzi huo umefutwa. Vizuri. Lakini Kifungu cha 39 cha Katiba kinachosema kila mtu ana uhuru wa kutembea kilikuwepo tangu 2010, na katika hiyo miaka yote wazee wangu watatu walikuwa bado wanapanda bodaboda.

Turudi kwa Thuku. Aliachiliwa mwishoni mwa mwaka 1930, akarudi Kambui akiwa na miaka thelathini na mitano. Watu walimpokea kama mtu aliyefufuka. Mwaka 1932 wakampa uenyekiti wa Kikuyu Central Association, chama kikubwa kilichokuwa kimekua wakati yeye yuko mbali. Ikaharibika haraka. Wao walitaka moto wa 1922. Yeye alitaka barua, mikutano na serikali, mambo ya kisheria na ya polepole. Mwaka 1935 akajitoa akaunda chama chake, Kikuyu Provincial Association, ambacho kilitangaza utiifu kwa serikali. Walioandamana kwa ajili yake wakaanza kumwita kibaraka. Mwaka 1944 alirudi kwa muda mfupi kama mwenyekiti wa kwanza wa chama kilichokuja kuwa KAU, akamwachia James Gichuru, ambaye naye mwaka 1947 akamwachia Jomo Kenyatta.

Watu wengi hapa humaliza hadithi kwa kusema alinunuliwa. Mimi naona ni rahisi mno. Mchukue mtu wa miaka ishirini na saba, mnyang'anye karibu miaka tisa bila hata kumwambia kosa, kisha umrudishe akiwa anajua kwamba sahihi moja ya Gavana inatosha kumrudisha tena. Halafu ushangae kwamba amekuwa mtu wa tahadhari? Hiyo ndiyo kazi ya kuweka watu kizuizini bila kesi. Si kumficha mtu. Ni kumrudisha akiwa ameshika breki mwenyewe.

Lakini kuna mahali ninaposhindwa kumtetea, na ni 1952. Hali ya hatari ilipotangazwa, Thuku alijitokeza hadharani kupinga Mau Mau. Kupinga kuuawa kwa watu usiku ni haki yake, na wengi walioogopa pande zote mbili walifikiri kama yeye. Shida ni upande aliosimama. Serikali ile ilikuwa inaweka makumi ya maelfu ya watu kizuizini bila kesi, kama alivyowekwa yeye. Ilihamisha zaidi ya watu milioni moja kutoka mashambani mwao, ikawafungia katika vijiji vyenye mitaro na walinzi. Ilimpa Mkikuyu kitabu cha pasi cha kutembea nacho, na vyeti vya utiifu ambavyo bila hivyo mtu alipata taabu kusafiri ama kufanya biashara. Kipande chenyewe kilikuwa kimeondolewa mwaka 1947, kikaletwa kitambulisho cha watu wa rangi zote, na miaka michache tu baadaye kikarudi kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru kikiwa na jina jingine. Mtu pekee nchini aliyekuwa na haki kamili ya kusimama na kusema hili tulilikataa 1922 alikuwa yeye. Hakusema.

Alichofanya ni kulima kahawa, na alilima vizuri. Usilichukulie hilo kirahisi. Kwa miaka mingi serikali ilimkataza Mwafrika wa Kiambu kupanda kahawa, kulinda soko la walowezi na pia wasikose vibarua. Yaani wale wasichana wa 1921 walilazimishwa kuchuna zao ambalo baba zao wangeadhibiwa wakilipanda. Ruhusa ilipokuja, Thuku akapanda, na mwaka 1959 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mkurugenzi katika bodi ya Kenya Planters Coffee Union, chama cha wakulima kilichokuwa cha Wazungu. Kuna wanaoona hapo mwisho wa aibu, mwanasiasa aliyegeuka tajiri wa kahawa. Mimi naona mtu aliyepata kitu kimoja alichokuwa akidai tangu mwanzo, shamba lake na kazi yake mwenyewe bila mtu wa kumtilia sahihi. Alikipata. Majirani zake wengi walikuwa kwenye vijiji vya mitaro.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 hakuwa na nafasi yoyote katika serikali mpya. Huku kwetu uhuru ulidumu siku chache sana. Desemba hiyo hiyo hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini kwa sababu ya vita vya shifta, na serikali ya Kenyatta, mtu aliyewahi kufungwa na mkoloni, ikachukua vitabu vya mkoloni ikavifungua ukurasa ule ule. Waborana wa Isiolo wakakusanywa kwenye kambi za Garba Tulla na Merti, mifugo ikapigwa risasi ama kuchukuliwa, na watu wengi waliotoka pale walitoka bila ngamia hata mmoja. Wazee huuita wakati huo Daba, wakati uliosimama. Amri ya hali ya hatari haikuondolewa kabisa hadi 1991.

Harry Thuku alifariki Juni 14, 1970, nyumbani Kiambu, akiwa na miaka sabini na mitano. Mwaka huo huo kitabu cha maisha yake kilitoka. Na mwaka huo huo Bunge la Kenya huru lilipitisha sheria inayoitwa Indemnity Act: askari ama afisa yeyote wa serikali asishtakiwe kwa jambo lolote alilolifanya kazini kuanzia Desemba 1963 hadi Desemba 1967, katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na wilaya za Tana River, Lamu, Marsabit na Isiolo.